Mswaki wa Pinki Katika Begi la Mume Wangu

Mume wangu alikuwa na mswaki mmoja, wa bluu, na mimi ndiye niliyemnunulia. Kwa hiyo siku nilipofungua begi lake la safari ili nitoe nguo chafu, nikakuta chini kabisa mswaki wa pinki umeviringishwa ndani ya mfuko wa plastiki, sikungoja mtu anieleze. Niliugeuza mkononi. Nywele zake zilikuwa zimechakaa na kulala upande mmoja, mswaki wa mtu anayeutumia kila siku. Nikaurudisha palepale, nikafua nguo, nikazianika kwenye kibaraza cha fleti yetu pale Umbilo, na alipoamka nikamwekea chakula.

Ilikuwa baridi ya mwaka uliofuata Kombe la Dunia. Nasema baridi, lakini baridi ya Durban ni ya kuvaa sweta asubuhi na kuivua saa nne. Mvua hakuna, jua kali, anga safi. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la makontena, yadi yao ilikuwa Clairwood karibu na bandari. Aliondoka Jumatatu kwenda Johannesburg, akarudi Jumatano. Alhamisi akaondoka tena, akarudi Jumamosi. Alirudi amechoka, analala mchana kutwa, na mimi nakwenda saluni yangu Umbilo Road kusuka watu. Binti yetu alikuwa darasa la kwanza.

Kazi ile ya lori sikuipenda tangu mwanzo. Marehemu baba yangu aliendesha lori la mizigo kwetu Kongo, kati ya Uvira na Bukavu. Siku moja ya mvua na ukungu alianguka na gari lake kwenye mlima wa Ngomo, akafa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Mume wangu alinioa akiyajua hayo, na alipopata kazi Clairwood nilimuuliza jambo moja tu: barabara yenyewe ikoje?

"Iko kama meza," alinijibu. "Lami tupu mpaka Johannesburg. Weye lala usingizi, mama."

Nikalala usingizi, miaka miwili. Kisha ukaja ule mswaki.

Safari iliyofuata nilikagua begi kabla hajaoga. Mswaki ulikuwepo, na safari hii ulikuwa na wenzake: soksi ndefu za nailoni, za kike, jozi mbili, rangi ya ngozi ya maji ya kunde. Moja ilikuwa imechanika kuanzia kwenye goti. Mimi ni mweusi, na sivai soksi za namna ile. Niliziinua puani. Zilinuka kitu kikali, si jasho wala manukato. Nikafikiri labda pombe. Nilikaa kwenye ukingo wa bafu nimezishika, na kule chumbani namsikia anakoroma.

Mtu atasema, si ungemuuliza? Lakini sisi tulioishi mjini ule zile siku za kufukuzwa wageni tulijifunza kusikiliza kwanza. Tulikuwa tukisikia hatua kwenye ngazi, tunazima redio, tunangoja tujue ni nani. Mazoea yale hayakuniacha hata mambo yalipotulia. Kuuliza ni kumwonya unayemshuku. Nikaamua kungoja.

Wiki ile ile jambo jingine likatokea saluni. Tulikuwa wawili tuliopanga viti pale, mimi na Mkenya mmoja wa Kinangop, mwanamke mrefu, mpole, mwenye mikono myepesi kuliko yangu. Tulikuwa tumefanya kazi bega kwa bega muda mrefu. Nikiumwa anawapokea wateja wangu, mwanawe akiumwa nawapokea wake. Tuliitana dada na tulimaanisha. Basi, chupa yangu ya kupulizia maji kwenye nywele ilipotea. Chupa ya kijani, shingo yake nilikuwa nimeizungushia plasta ya kidonda kwa sababu ilivuja.

"Dada, umeona chupa yangu?" nilimuuliza.

Hakuniangalia. Alikuwa anachana nywele za bandia. "Pengine mteja ameibeba," alisema.

"Mteja abebe chupa mbovu?"

"Watu wa hapa, dada, utawajua?"

Nikanunua nyingine. Jumamosi mume wangu aliporudi, nikafungua begi. Chupa ya kijani ilikuwa imelala juu ya nguo, na plasta yangu shingoni. Niliifungua kifuniko na ile harufu kali ikanipanda hadi machoni.

Nakumbuka nilicheka. Kicheko kifupi, peke yangu, kwenye korido. Kwa sababu sasa mwanamke wa zile soksi alikuwa na sura. Yule Mkenya ni maji ya kunde. Jumapili huvaa soksi za nailoni kwenda kanisani, nilimwona kwa macho yangu. Na alinidanganya bila kuniangalia.

Mume wangu alikuwa amelala na simu iko chini ya mto. Niliivuta polepole kama mtu anayetoa mwiba. Namba ya dada yule niliijua kwa kichwa. Ilikuwepo. Mume wangu alikuwa amempigia mara tatu mwezi ule, na ujumbe ulikuwepo mmoja, kutoka kwake kwenda kwa dada: "Asante sana kwa ile siku. Imenisaidia. Tafadhali, bibi yangu asijue."

Niliusoma mpaka herufi zikaanza kucheza. Kisha nikairudisha simu chini ya mto, nikavaa viatu, nikateremka ngazi.

Saluni Jumamosi hujaa. Wanawake wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi, wengine wawili wako vitini, mmoja nusu ya kichwa kimesukwa. Nilisimama mlangoni nikasema yote. Nilisema kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza ili na Wazulu waelewe. Nilimwita majina ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia soksi zake zinanuka pombe na mswaki wake unachukiza, na kama kwao Kinangop hakuna wanaume, basi Kongo si duka la waume.

Alisimama na kitana mkononi. Uso ulimwiva, machozi yakamlengalenga, lakini sauti yake ilitoka chini.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Basi maliza, halafu muulize bwanako. Si langu kusema." Aliweka kitana. "Ama panda lori lake ujionee. Utajua mswaki ni wa kufanyia nini."

Alimaliza nywele za mteja wake. Hilo silisahau: alizimaliza mpaka msuko wa mwisho. Kisha akakusanya vitu vyake kwenye ndoo na kuondoka.

Mume wangu nilimkuta ameamka, ameketi mezani na binti yetu. Nilimtuma mtoto kwa jirani wa mlango wa pili. Nikamwaga begi mezani: mswaki, soksi, chupa, na mrija wa dawa ya meno uliobanwa mpaka shingoni.

"Njo nini hii?" nilimuuliza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo wowote, lakini alichosema sikukitegemea.

"Ni vya kusafishia kamio," alisema; kwetu lori ndiyo kamio.

"Unasafisha kamio kwa mswaki?"

"Taa. Taa na kioo cha mbele."

"Na soksi za mwanamke?"

"Ndiyo."

"Durban haina mvua tangu mwezi wa tano. Taa zinachafuliwa na nini, jua?"

Akaanza kuvirudisha vitu begini. Hilo lilinikasirisha kuliko uongo. Nikamwambia Jumatatu nakwenda naye.

"Haiwezekani. Kampuni haibebi abiria. Watanifukuza."

"Wenzako wanabeba wake zao, nawajua."

"Si barabara ya kupita weye," alisema, kisha akaonekana kama mtu aliyeteleza ulimi.

"Si ulisema iko kama meza?"

Usiku ule tulilala tumepeana migongo. Jumapili jioni nikaanza kukunja nguo zangu na za mtoto kwenye sanduku, na yeye akaona. Alisimama mlangoni akasema tu, "Nitakuchukua kesho Queensburgh, mbali na yadi. Kwenye kituo cha mafuta, saa tatu. Vaa vizuri."

Mtoto nilimwacha kwa jirani. Nilifika kabla ya wakati, nimevaa kanzu mbili na koti la mitumba, na nilidhani amenidanganya tu ili aondoke. Saa tatu na robo lori lilitokea, kubwa kuliko nilivyolikumbuka, likasimama likipumua. Nikapanda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuketi kwenye lori tangu nikiwa mtoto. Nikafunga mkanda.

Njia nzima nilichunguza. Nilichunguza kitanda nyuma ya viti, nikanusa blanketi. Tulipopita Pietermaritzburg na kuanza kupanda, simu yake ikalia, nikamkazia macho mpaka akaiweka sauti nje; alikuwa bosi wa yadi. Kwenye kituo kimoja tulichosimama kunywa chai, msichana wa kaunta alimsalimia kwa jina. Nilimwangalia meno kwanza, kisha nikainama kana kwamba nafunga kiatu ili nione miguu. Alivaa suruali. Mume wangu aliniona, mdomo ukamcheza kidogo, nami nikaona haya na hasira kwa pamoja.

Mchana ulipoanza kugeuka, tukaufikia mlima wa Van Reenen. Nilikuwa sijawahi kuusikia. Barabara ilianza kupanda na kuzunguka, na anga iliyokuwa ya bluu tangu Durban ikawa kijivu, kisha ikateremka juu yetu. Mvua nyembamba, baridi, iliyochanganyika na vipande vyeupe. Malori ya mbele yalirusha matope meusi kwenye kioo chetu. Waipa zilikuwa zinayapaka badala ya kuyaondoa. Nilishika mkanda kwa mikono miwili. Nilikuwa na miaka kumi na moja tena.

Alisimamisha lori mahali pa kupumzikia, juu kabisa. "Teremka uone," akasema.

Upepo ulinikata masikio. Taa za mbele hazikuonekana kuwa taa. Zilikuwa vigae viwili vya matope yaliyoganda, na mwanga wake ulitoka hafifu na mwekundu, kama jiko linalozimika. Alichukua chupa ya kijani, akapulizia ile dawa yake, maji yaliyotiwa spiriti. Matope yakalainika. Kisha akavaa soksi ya nailoni mkononi kama glavu na kupangusa, polepole, kwa mviringo. Pembeni, kwenye ukingo wa chuma ambapo kidole hakiingii, akatumia mswaki wa pinki.

"Kitambaa kinakwaruza na kuacha nyuzi," alisema bila kugeuka. "Nailoni haiachi. Na hizi taa ni plastiki, zinapata ukungu wa njano. Dawa ya meno inautoa."

"Nani alikufundisha?"

"Unajua nani."

Tulilala Harrismith, kwenye uwanja wa malori. Kabla ya kulala alinyanyua waipa zisigusane na kioo na kuzivalisha soksi. Sikupata usingizi, kwa baridi na kwa mawazo. Kulipopambazuka nilifungua pazia nikadhani mtu ametufunika kwa shuka. Kioo chote kilikuwa cheupe. Nilikigusa kwa ndani, kilikuwa kigumu na baridi ya kuuma. Nje, nyasi zote zilikuwa nyeupe, na madereva walikuwa wanazunguka magari yao, pumzi zao zikitoka kama moshi, kila mmoja na kifaa chake: mmoja na kipande cha plastiki, mwingine na kiazi kilichokatwa nusu. Mume wangu alipulizia, akangoja, akakwangua. Nilitoka nikashika ile soksi ya pili, nikapangusa upande wangu. Tulifanya kazi mpaka kioo kikawa wazi, na hapo, vidole vyetu vikiwa vimekufa ganzi, ndipo aliponieleza.

Ilikuwa mwanzo wa baridi ile. Alikuwa anarudi Durban na mzigo mzito, anateremka Van Reenen asubuhi. Kioo kilichafuka, akabonyeza maji ya waipa kama alivyozoea. Yalikuwa maji matupu ya bomba. Yaliganda palepale yalipogusa kioo.

"Nilikuwa kipofu," alisema. "Si kidogo. Kipofu. Nilitoa kichwa dirishani, nikafunga breki pole pole, nikasikia bodi inasugua chuma cha pembeni mwa barabara. Kamio ikasimama. Nilikaa pale nikawaza baba yako, ambaye sikumjua."

Aliporudi mjini hakwenda nyumbani. Alikuja moja kwa moja saluni, kunitafuta mimi.

"Hukuwepo. Ulikwenda mjini kununua nywele. Yule dada aliniona natetemeka, akanipa chai, nikamwambia. Mtu akitetemeka anasema. Akasema kwao Kinangop umande unaganda hivi hivi, baba yake alikuwa anaendesha gari la maziwa. Akanifundisha. Akanipa soksi zake za zamani na mswaki wa mtoto wake uliokwisha. Chupa nilimwomba baadaye, ya kwangu ilipasuka, akachukua yako kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu."

"Na kwa nini nisijue?"

"Ungenikataza. Na tungekula nini?"

Nilimwamini. Lakini tukiwa barabarani kuelekea Johannesburg niligundua kwamba kuamini hakukunituliza. Kumbe mume wangu na rafiki yangu walikuwa wakizungumza juu ya kifo cha baba yangu, na hofu yangu, na namna ya kunizunguka, wakati mimi nawapikia chai wote wawili. Hakukuwa na mwanamke mwingine, ila siri ilikuwepo, nayo ilikuwa inahusu mimi. Jumatano tulipokuwa tunateremka Van Reenen alinionyesha kile chuma cha pembeni. Mkwaruzo wa rangi ya lori lake ulikuwepo bado, urefu wa mtu akilala. Chini yake bonde. Nilitazama mpaka tukapita.

Alhamisi nilimtafuta dada. Alikuwa amepata kiti kwenye saluni nyingine, mbali kidogo na yetu kwenye barabara ile ile. Nilimkuta anafagia.

"Dada, nimepanda lori," nilimwambia. "Nimekuja kuomba msamaha."

Aliendelea kufagia, kisha akaegemea ufagio. "Mimi nilikosea kukuficha. Hilo nakubali. Chupa yako niliiba, na nikakudanganya usoni. Nilifikiri nakusaidia."

"Najua."

"Lakini wewe hukunijia chemba, dada. Ulinitukana mbele ya watu. Mwanangu alisimuliwa shuleni. Mtoto wa yule mteja wangu wa Jumamosi ni wa darasa lake."

Nilimwomba arudi, nikamwambia kiti chake kiko vilevile. Alisema atafikiri. Alinipa kiti nikae, akanimiminia chai, tukazungumza habari za watoto kama watu waliokutana hospitali. Nilipotoka alinishika mkono kwa mikono miwili, na nikatumaini. Hakurudi.

Mume wangu aliendelea na njia ile baridi mbili zaidi, na kila Jumapili jioni nilipanga begi mimi mwenyewe. Nilijifunza kusikiliza hali ya hewa ya Harrismith kwenye redio kabla ya ile ya Durban. Sikumkataza, kama alivyoogopa. Lakini nilimpigia simu kila alipofika juu ya mlima, na nilikuwa nasikiliza nyuma ya sauti yake, kama kuna upepo, kama injini imesimama, kama yuko kweli pale anaposema yuko. Alilijua hilo. Wakati mwingine alitoa simu dirishani ili nisikie mwenyewe malori yanapita. Baadaye akapata kazi ya kuzunguka ndani ya bandari tu, na sote wawili tukapumua.

Dada yule nilikuwa nakutana naye mara kwa mara Umbilo Road. Mara ya mwisho ilikuwa kwenye robot, taa za barabarani, wakati wa asubuhi, yeye upande ule na mimi upande huu, na magari yanapita katikati. Alinipungia mkono, akacheka kidogo, akaonyesha tumbo langu kwa kidole, maana nilikuwa na mimba ya pili na imeshaonekana. Nikapunga na mimi. Taa ilipobadilika nilivuka kwenda kwake, lakini alikuwa ameshageuka, anaharakisha kwenda kazini, na sikutaka kumwita kwa sauti barabarani.